Pole ya Diarra

Wagonjwa wote wa chumba kile walikuwa wanalala, isipokuwa wangu. Nasema wangu kwa sababu kila mgonjwa alikuja na mtu wake wa kumsindikiza, na sisi wasindikizaji tulikaa kwenye viti vya plastiki miguuni pao tukiwalinganisha kimoyomoyo, kama akina mama wanavyolinganisha watoto kliniki. Mgonjwa wa mama mmoja wa mtaa wa Djikoroni alikoroma mpaka shuka likacheza. Wa dada mmoja wa benki alitabasamu usingizini. Wangu, Zoumana Traoré, alikuwa ameikodolea macho mashine inayomsafisha damu kana kwamba ni mshambuliaji anayetaka kuotea.

Maana mume wangu alikuwa refa. Ujana wake wote alichezesha ligi ya mkoa, Jumapili hadi Jumapili, na siku nyingine akishona viatu sokoni. Filimbi aliiacha magoti yalipomgomea, lakini urefa wenyewe haukumtoka. Akishasema jambo, limesemwa. Aliwahi kutamka mbele ya wageni kwamba mchuzi wangu wa bamia una chumvi nyingi. Kesho yake nikaupika bila hata punje ya chumvi. Akaonja, akatikisa kichwa, akasema bado imezidi. Sasa figo zake zimekufa, madaktari wamempiga marufuku chumvi, naye anajidai kwamba yeye aliliona hilo kabla yao.

Figo zilipokataa kazi tukaanza kwenda hospitali Jumatatu na Alhamisi. Anajilaza kwenye kiti kirefu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, damu inatoka kwa mrija huu na kurudi kwa mrija ule. Hilo alilizoea. Lililomshinda ni usingizi. Akijilaza nyumbani, miguu inamtambaa kwa ndani kama imeingiwa na siafu. Akiinuka atembee, kichwa kizito. Na mchana hana pa kwenda kusahau, kwa sababu maji yake yanapimwa kwa kikombe, na kijiweni watu hawakai bila kunywa chai, raundi ya kwanza chungu, ya pili afadhali, ya tatu tamu. Akawa mtu wa kukaa barazani akitazama geti. Alinuna mpaka kuku wakawa wanapita mbali.

Kijiwe chenyewe kiko mbele ya nyumba yetu hapa Hamdallaye, na mwenye birika ni Ngolo Diarra. Yeye Diarra, mume wangu Traoré, kwa hiyo ni watani, na utani wa koo hizo mbili mababu waliuacha ukiwa tayari mzee. Tangu tuhamie mtaa huu Ngolo alikuwa akisimama nje ya ukuta wetu asubuhi na kupaza sauti, "Mtumwa wangu ameamka?" Na mume wangu, hata akiwa chooni, alimjibu, "Nani amewafungulia wala kunde?" Mtumwa na mla kunde ndiyo matusi ya utani huo, na hapo yanamwagika mpaka chai ichemke. Mimi ni Sangaré. Utani huo haunihusu, niliolewa nikaukuta, na kelele zake zilinichosha. Mume wangu alipougua, Ngolo akaacha kupiga kelele. Akawa anabisha hodi kistaarabu, anavua kofia, anasema kwa sauti ya chini, "Traoré, pole. Mungu akupe nafuu." Nikaona afadhali, mtaa umepata adabu.

Sasa nije kwa daktari mmoja wa pale hospitali. Hakuwa daktari wa figo. Wagonjwa walimwita daktari wa mawazo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukaa nao na kuwauliza wanalalaje na mioyo yao ikoje. Binti mrefu, mpole, anayezungumza kama anaogopa kumwamsha mtoto wa jirani. Alikuwa ameirekodi sauti yake mwenyewe kwa Kibambara. Mgonjwa anavaa spika masikioni wakati mashine inazunguka, anafumba macho, na ile sauti inamwongoza kutulia: sikia pumzi yako, legeza vidole vya miguu, legeza magoti, mawazo yakija usiyakaribishe wala usiyafukuze, yaache yapite. Nyumbani tena kabla ya kulala. Mimi nilidhani ni mambo ya wazungu. Siku ya kwanza niliazima zile spika nijaribu nikiwa nimekaa pale pale kwenye plastiki, nikaamshwa na nesi Bréhima akitaka kufagia chini ya miguu yangu.

Kwa hiyo niliijua ile sauti neno kwa neno siku alipovalishwa mume wangu. Na ni vizuri niliijua, kwa kuwa wengine waliokuwemo chumbani walisikia upande mmoja tu.

"Habari za leo," inaanza sauti. "Mimi ni Assitan Diarra. Niko hapa pamoja nawe."

"Diarra?" akasema mume wangu, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu augue. "Diarra gani? Wa kunde za wapi?"

Fumba macho yako taratibu, inasema sauti.

"Nifumbe ili uniibie viatu?"

Sikiliza pumzi yako inavyoingia na kutoka.

"Yangu inatoka safi. Yako ndiyo tuifungulie dirisha."

Masikio yakiwa yamezibwa, mtu hajui anavyopiga kelele. Yule wa Djikoroni akaacha kukoroma. Wa benki akafumbua macho. Wagonjwa mmoja mmoja wakavua spika zao wamsikilize wangu, ambaye sasa alikuwa anaambiwa alegeze vidole vya miguu, naye anajibu kwamba Traoré hajawahi kulegezewa kitu na mtoto wa mla kunde, aanze kulegeza yeye huo mkono aliofumbata kunde alizoiba. Akaunyanyua mkono kuonyesha, mkono ule ule wenye sindano, na mashine ikaanza kulia. Bréhima akaja mbio.

"Mzee Traoré, unazungumza na nani?"

"Na huyu mla kunde aliyemo humu. Namsemesha tangu zamani, hajibu."

Bréhima alipoinyamazisha mashine, Daktari Assitan mwenyewe akawa amefika. Mume wangu akavua spika, akajiweka sawa kitini, akapangusa mdomo kama mtu aliyeletewa sahani.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Wamekuvisha koti jeupe wakadhani hatutakujua. Nani amekupa ruhusa ya kumwamuru bwana wako alale?"

Chumba kizima kikangoja. Hata mimi nisiyehusika niliinua kichwa. Daktari akainama, akamwekea mkono begani, na kwa sauti ile ile ya kwenye spika akasema, "Pole, baba. Najua ni vigumu. Vuta pumzi tu."

 Mume wangu akasema asante, akageukia ukutani. Nimeolewa na mtu huyu tangu nikiwa msichana na sikuwahi kumsikia akimwambia Diarra asante.

Tukiwa kwenye teksi ya kurudi akasema, "Mama Modibo, baada ya Idi ya kuchinja sirudi kule."

"Kule wapi?"

"Kwenye mrija. Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Siku Diarra anapomwambia Traoré pole, ujue kaburi limeshachimbwa, wanasubiri mtu wa kuingia. Ngolo alianza, sikumjali. Sasa na huyu mtoto. Wamenizika, Mama Modibo, wamechelewa tu kuniambia."

Nilimwambia aache upuuzi, na dereva akacheka kidogo. Lakini jioni ile alimwita kaka yake mkubwa, akampigia simu Modibo, mtoto wetu aliyeko Abidjan, akawatangazia wote wawili: hana usingizi, hana chai, hana raha, na hata watani wake wamemwekea adabu. Idi ikipita, mashine basi. Kaka mkubwa akamsihi. Modibo akalia kwenye simu. Filimbi ilikuwa imeshalia.

Nitasema wazi kwamba niliogopa. Siku ya kwanza kabisa tulielezwa kwamba mtu wa figo zilizokufa akiiacha mashine hakai sana. Nilikuwa namtazama akifunga kamba ya suruali, jambo la kila siku, nami namfokea kwamba ameikaza mno. Nikimuogopea nakuwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa, kwa hiyo wiki zile kabla ya Idi hapakuwa na mtu wala sufuria iliyosalimika nyumbani kwangu.

Nikawaza, kama adui ni usingizi, na kama sauti ya Diarra haiwezi, nitamlaza mimi mwenyewe. Nikachukua simu, nikaingia jikoni, Asta anayenisaidia kupika akikaanga karanga, nikajirekodi. Nilidhani nimefanya vizuri. Baadaye niliisikiliza, na naiandika hapa kama ilivyo.

"Baba Modibo, lala chali. Chali nimesema, si ubavu. Fumba macho. Umefumba? Najua hujafumba. Haya, sikiliza pumzi yako. Asta, punguza huo moto, unaunguza karanga. Vuta kwa pua, acha kuvuta kwa mdomo kama samaki. Mawazo yakija yaache yapite, ila lile wazo lako la kuacha mashine lisipite, life hapo hapo. Sasa tulia. Mbona hutulii?"

Aliisikiliza yote mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, mikono kifuani. Akavua spika, akanirudishia simu.

"Miaka yote hii naikimbia sauti hii nakwenda kijiweni," akasema. "Leo umenitilia masikioni."

Idi ikaja. Tukachinja kondoo. Mume wangu alivaa kanzu kubwa ya buluu, akala kipande kimoja cha ini, akawatabasamia watu wote, hata shemeji zake asiowapenda. Nilichukia tabasamu lile kuliko kununa kwake kote. Watu walimjia kwa zamu, wakamshika mkono kwa mikono miwili, wakasema pole, pole, na Ngolo naye akapanga foleni akasema pole.

Jumatatu iliyofuata sikumkuta akitafuta viatu vyake. Alikuwa barazani, ameoga, tasbihi mkononi.

"Nenda wewe ukawasalimie," akaniambia.

Nikaenda. Sijui kwa nini nilienda, mgonjwa sina. Kiti chake kirefu kilikuwa kitupu na mashine yake imezimwa, na mimi nikakaa kwenye plastiki yangu miguuni pa hakuna mtu. Daktari Assitan alinikuta hapo.

"Mama, mzee yuko wapi?"

"Mmeniulia mzee," nikamwambia. "Mmemuua kwa upole." Nikamweleza yote, na sikusema kwa sauti ya chini. Nikamwambia alivyosema kwenye teksi, Diarra anapomwambia Traoré pole, kaburi limeshachimbwa.

 Daktari akakaa kwenye kile kiti kirefu cha mume wangu, jambo ambalo nadhani haliruhusiwi.

"Alisema pole ya Diarra?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mama, siku ile nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni hapa, tamu kweli. Nikalimeza. Tulikosoma walituambia mgonjwa hataniwi, mgonjwa anatulizwa."

"Lilikuwa jibu gani?"

Akanitajia. Siwezi kuliandika, wajukuu wangu wanajua kusoma. Bréhima alikuwa anapita na sinia la dawa, ikabidi aliweke chini.

"Babu yangu alikuwa hivyo hivyo," akasema daktari akipangusa macho, sijui ya kicheko au ya nini. "Alipokuwa anaumwa, mtani wake Traoré alikuja kila siku kumnyoa ndevu kwa maneno. Ndiye peke yake babu aliyekuwa anamngoja. Na mimi nimekaa hapa namrekodia mtu vidole vya miguu na pumzi. Bréhima, wekea Traoré nafasi kesho asubuhi."

"Hatakuja," nikasema. "Na tafadhali usije kumbembeleza. Ukimbembeleza tutamzika."

"Nani amesema nakuja kumbembeleza?"

Alasiri ile nyumba yangu ilikuwa imejaa watu wa kukaa kimya. Habari ilikuwa imezagaa kwamba Traoré hakwenda hospitali. Kaka mkubwa alikuwepo, majirani walikuwepo, Ngolo alikuwa kwenye mkeka ameinamisha kichwa. Miguu ya mume wangu ilikuwa imeanza kuvimba kama mikate, na pumzi yake ilikuwa fupi, akisema maneno matatu anapumzika. Hakuna aliyelitaja hilo. Walikuwa wanasema Mungu ni mkubwa na kutazama chini.

Basi sauti ikatoka getini, na haikuwa ile ya kwenye spika.

"Yuko wapi mtumwa wangu anayetaka kufa bila ruhusa?"

Kaka mkubwa akasimama. Mama mmoja akashika kifua. Daktari Assitan akaingia bila koti jeupe, amevaa gauni pana la njano na kilemba, akapita katikati ya watu bila kumsalimia mtu, akakaa kwenye mkeka mbele ya mume wangu, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni na kurudi.

"Nimekuja kujiandaa," akasema. "Msibani sisi Diarra ndio tutakaosema, kwa hiyo nataka kujua niseme nini. Nimefikiria hivi. Marehemu alikuwa refa hodari, hakushindwa na mechi hata moja, isipokuwa ya kufumba macho. Aliambiwa avute pumzi, ikamshinda. Kazi ambayo hata mbuzi anaiweza."

Hapakuwa na mtu aliyepumua, mbuzi wala binadamu. Nilimwangalia mume wangu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Kisha pembe moja ya mdomo ikacheza.

"Mbuzi wa kwa Diarra," akasema, akapumzika, "hawavuti pumzi. Wanajamba kunde."

"Angalau wakishajamba wanalala."

Kaka mkubwa alitoa sauti puani na kujifanya anakohoa. Mume wangu hakucheka. Alikuwa bado na kitu.

"Binti, siku ile nilikutania. Ukaniambia pole."

"Nilikosea. Nimeifuata." Akanyoosha kiganja. "Nirudishie pole yangu."

"Nini?"

"Pole yangu. Niliitoa nikidhani wewe ni mgonjwa, kumbe ni Traoré tu. Lete."

Mume wangu akafikiri. Halafu, taratibu, akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa kifuani wa kanzu yake, akatoa kitu kisichoonekana, akakiweka kwenye kile kiganja. Daktari akakitazama, akakifuta kwenye gauni lake kama kimechafuka, akakitia mfukoni. Hapo watu walicheka, na mimi nilikuwa nalia bila kujificha.

"Sasa tuje kwenye mechi," akasema daktari. "Mimi na wewe. Macho tumefumba, mdomo tumefunga, tunafuata pumzi basi. Atakayesema neno la kwanza ndiye mla kunde, yeye na ukoo wake, mpaka Idi nyingine."

"Wapi?"

"Uwanja wangu. Kwenye kile kiti chako, kesho asubuhi."

"Nilishasema sirudi kwenye mrija."

"Mrija nani ameutaja? Unakuja kwenye mechi. Mrija utakuwa pembeni huko na mambo yake."

"Refa nani?"

"Mkeo. Ni Sangaré, hana timu."

Mume wangu akanitazama. Akawatazama watu, akaitazama miguu yake. Niliona anavyotaka na anavyoona haya kutaka, kwa kuwa alikuwa ametamka mbele ya kaka yake na mbele ya mtoto wake. Na hapo, kutoka kwenye mkeka, Ngolo akainua kichwa.

"Atashindwa," akasema Ngolo. Sauti ilikuwa imeshika kutu. "Traoré kukaa kimya? Hata msikitini hajaweza."

Mume wangu akageuka. "Umerudi wewe?"

"Nilikwenda wapi, mtumwa wangu?" Ngolo akasema, akavuta kofia machoni.

"Mama Modibo," akasema mume wangu, "viatu vyangu viweke karibu na mlango."

Asubuhi Bréhima akamfunga kwenye mashine bila kusema lolote, maana alikuwa amekatazwa kusema pole. Daktari akaleta kiti chake akakiweka ubavuni. Mume wangu akanikabidhi filimbi yake ya zamani, aliyoitoa sandukuni, na akanionya nisiipulize, watu wanaumwa humu. Nikainua mkono, nikaushusha. Wakafumba macho.

Hakuna aliyelala chumbani siku ile. Spika zote zilikuwa zimening'inia shingoni, na mama wa Djikoroni alikuwa amegeuza kiti chake aone vizuri. Mwanzoni midomo ya mume wangu ilikuwa inatetemeka kwa matusi yaliyomjaa. Tusi linakuja, linagonga meno, analimeza, anavuta pumzi. Jingine linakuja. Mabega ya daktari nayo yalikuwa yanacheza, akibana pua asicheke. Nilimkazia macho kirefa. Akatulia.

Kisha matusi yakaanza kuchelewa kuja. Nilikuwa nayaona yakipita usoni mwake, moja, halafu kitambo, halafu moja, na hakuyakaribisha wala kuyafukuza. Paji la uso likalegea. Bega likashuka. Mkono usio na sindano, ambao kwa muda mrefu haukujua kukaa ila kwa kukunja ngumi, ukafunguka juu ya shuka, kiganja juu. Miguu haikutambaa. Kinywa kikaachama, na kutoka ndani kikatoka kitu nilichokuwa nimekisahau: mume wangu anakoroma.

Bréhima akaninong'oneza, "Refa, kukoroma ni neno?"

"Si neno," nikamjibu. "Mchezo unaendelea."

Daktari akafumbua jicho moja. Akamtazama. Akainama karibu na sikio lake, na kwa sauti ndogo sana akasema, "Lala, mtumwa wangu."

Nililisikia. Bréhima alilisikia, na wa Djikoroni, na wa benki. Chumba kizima kililisikia na kikanigeukia mimi, kwa sababu neno ni neno, na mechi ilikuwa imekwisha. Traoré ameshinda. Nikawatazama mmoja mmoja. Filimbi nikaitia ndani ya kitenge.

Alilala mpaka mashine ilipomaliza kazi. Alipoamka alipangusa mate, akashtuka, akajiweka sawa.

"Nani ameshinda?"

"Sare," nikasema.

"Sare vipi? Mimi sikusema neno."

"Naye hakusema. Sare. Marudiano Alhamisi."

Akafungua mdomo kunibishia. Nilimwona anavyotaka. Kisha akakumbuka wachezaji wote aliowatoa nje uwanjani kwa kubishana na refa, akaufunga mdomo. Akaitazama dari, akalitazama lile koti jeupe, ambalo sasa lilikuwa limeshavaliwa na linaandika mambo yake kama hakuna lililotokea.

"Alhamisi, basi," akasema. "Na mwambie huyu mla kunde apige mswaki."

Tangu hapo tumekuwa tukitoka sare kila Jumatatu na kila Alhamisi. Chumba kizima kinajua na hakuna aliyesema. Nyumbani anaivaa ile sauti kabla ya kulala, anajibizana nayo kidogo kidogo, na mara nyingi haifiki kwenye magoti. Si kila siku. Zipo siku miguu inamsumbua na ananuna na kuku wanapita mbali. Lakini asubuhi Ngolo anapiga kelele ukutani, na mume wangu anajibu kutoka chooni, na kelele zao bado zinanichosha.

Kijiweni anakaa tena, bila chai, akilalamika. Anawaambia wenzake kwamba katika maisha yake yote ya mpira hajaona refa mbovu kama mimi, kwamba nimenunuliwa na wala kunde, kwamba siku moja atanishtaki. Mimi nasikia nikiwa ndani. Namwacha aseme, nachukua viatu vyake vya Alhamisi, naviweka karibu na mlango.